Tabaka Jukwaani: Tamthilia ya Kiswahili na Maboma ya Ngorongoro

Tabaka ni kitu kisichoonekana kwa mtu mmoja. Mtu akikaa peke yake nyumbani mwake, yaweza kujulikana kama ameshiba au ana njaa, amevaa vizuri au vibaya. Lakini tabaka lake halijulikani mpaka mtu wa pili aingie. Hapo ndipo huonekana nani ameinuka na nani amebaki ameketi, nani ametangulia kusema na nani amengoja kuulizwa, nani ameitwa kwa jina lake na nani ameitwa kwa kazi yake. Maadamu tamthilia haina chombo kingine ila watu wanaokutana mbele ya watu wengine, hapana tawi la fasihi linalofaa zaidi kufunua migawanyiko ya jamii. Mwandishi wa hadithi aweza kumwambia msomaji kwamba fulani ni mnyonge. Mwandishi wa tamthilia hana budi kumweka mnyonge huyo mlangoni, apige hodi asijibiwe, na kumwacha hapo muda wa kutosha ili kila aliyekuja kutazama aone.

Lakini si kila mchezo unaofunua. Iko michezo inayoonyesha watu wa tabaka mbili na bado ikaficha tabaka lenyewe, kama pazia lenye picha ya dirisha. Tofauti ya aina hizi mbili haitegemei wema wa nia ya mchezaji wala ufundi wake. Hutegemea mahali ulipochorwa mpaka: kama umechorwa jukwaani, kati ya wahusika, au kati ya jukwaa na watazamaji. Jambo hili huonekana vizuri mtu akisoma tamthilia mbili za Ebrahim Hussein, kisha akatazama maonyesho yanayochezwa kila siku katika nyanda za Ngorongoro, juu ya mji wa Karatu.

Twaa kwanza Kinjeketile, tamthilia iliyotolewa mwaka 1969. Wengi huisoma kama habari ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907; wengine huisoma kama swali juu ya imani, na juu ya neno linalomponyoka aliyelisema. Yote mawili ni sahihi. Lakini mchezo hauanzi na vita wala na maji. Unaanza na wanawake wanaozungumza juu ya uhaba wa chakula, kwa sababu wanaume wametwaliwa kwenda kulima pamba ya Mjerumani. Kwa hiyo tabaka limekwisha kuonyeshwa kabla bwana mwenyewe hajaonekana. Shamba la mmoja limejaa mikono ya watu, na mashamba ya hao watu yamelala bila mkono. Hakuna hotuba iliyotolewa juu ya dhuluma. Kuna chungu kisicho na kitu ndani.

Baadaye shamba lenyewe linaonekana, na pamoja na Mzungu, Bwana Kinoo, yuko mnyapara. Huyu ndiye mhusika wa kuangaliwa zaidi na mtu anayetaka kujua tamthilia inavyofunua tabaka. Bwana na mlimaji, wakiachwa peke yao, wamo katika hali iliyo wazi mno: mmoja ana kila kitu, wa pili hana. Mnyapara ni mtu wa kati. Ngozi yake ni ya walimaji, kiboko chake ni cha bwana. Ana sauti mbili, ya amri kwa walio chini na ya utii kwa aliye juu, na hana budi kuzitoa zote mbili mbele ya watazamaji wale wale. Anapogeuka kutoka upande huu kwenda upande huu, mpaka wa tabaka huonekana umepita katikati ya mwili wake.

Wazee wa Karatu hawakuhitaji kitabu ili kumjua mtu huyo. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro yenyewe. Baadaye, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, walowezi wa Kijerumani na wa mataifa mengine walilima kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, na kahawa ingali inalimwa huko. Shamba la mlowezi lilikuwa na daraja zake kama ngazi: bwana, karani, mnyapara, kibarua, na nyumbani boi. Neno boi linastahili kutafakariwa na kila mwandishi wa michezo. Liliazimwa kutoka neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, nalo likapewa mtu mzima mwenye mke na wajukuu, akaitwa hivyo na mtoto wa bwana mwenye umri wa miaka sita. Katika neno hilo moja umri umevuliwa heshima yake na kuvikwa mshahara.

Hapa ndipo Kiswahili kinapompa mwandishi wa tamthilia silaha ambayo Waingereza wa zamani waliitafuta kwingine. Shakespeare aghalabu aliwapa mabwana mashairi na watumishi maneno ya kawaida, na sikio la mtazamaji likajua daraja ya kila mmoja kabla ya jicho. Kiswahili hupanga watu kwanza kwa umri na undugu: shikamoo, mzee, mama, baba, kaka, kijana. Kwa desturi maneno haya hayajui fedha. Ndiyo maana yakipotoka, upotofu husikika mara moja. Mzee wa miaka sitini anapomwita mwajiri wake wa miaka thelathini mzee, naye akaitwa kijana, hakuna mtazamaji Mswahili atakayehitaji kuelezwa jambo gani limetokea.

Hata jina la kitabu laweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 1969 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, akaiita Mabepari wa Venisi. Neno bepari zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili kabla, mwaka 1967, na katika masikio ya watu neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la anayekula jasho la mwingine. Zaidi ya hayo, jina limewekwa katika wingi. Mtazamaji aliyezoea kumshutumu Shailoki peke yake, kwa sababu ni mgeni na mkopeshaji, anaulizwa tangu jalada kama wale waungwana wanaomcheka nao si mabepari.

Tamthilia ya pili ya Hussein, Mashetani, ilitoka mwaka 1971, nayo imekwenda mbali kuliko Kinjeketile, kwa kuwa humo hamna kiboko wala shamba. Mna vijana wawili, Juma na Kitaru, wasomi na marafiki. Juma ni mtoto wa ukoo uliokuwa na mali na cheo, ukavipoteza mageuzi yalipokuja. Bibi yake angali anaishi katika enzi iliyopita. Kitaru ni mtoto wa watu waliopanda juzi. Wakikutana ni sawa kwa sawa: elimu moja, lugha moja, utani mmoja. Mwandishi wa daraja ya chini angewagombanisha kwa maneno makali juu ya mali. Hussein anawapa mchezo wa kucheza. Chini ya mbuyu mmoja anakuwa shetani na wa pili anakuwa binadamu, na katika mchezo huo wa kujifanya yanatoka mambo ambayo urafiki ulikuwa umeyafunika: nani amezoea kutawala, nani anaogopa kurudishwa chini, nani anadhani ushindi wake ni wa haki na nani anaona ni wa wizi. Mchezo wa mzaha unageuka kuwa ugonjwa, na Kitaru anatafutiwa dawa.

Hekima ya Mashetani ni kwamba mtu haachi tabaka lake anapovaa sura ya mwingine, analifichua. Basi tamthilia hizi mbili zinatoa mizani mbili. Ya kwanza ni mtu wa kati, mwenye sauti mbili. Ya pili ni mchezo ndani ya mchezo, ambamo anayejifanya hujitoa siri. Katika zote mbili mpaka uko jukwaani, na mtazamaji huuona kwa sababu watu wa pande zote mbili wako mbele yake.

Kwa mizani hizo yafaa kupima onyesho ambalo halina mwandishi wala kitabu, lakini lina watazamaji wengi. Barabara inayotoka Makuyuni hupanda bonde, hupita Karatu, na kufika lango la Loduare. Karatu ni mji wa Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, na leo ni mji wa hoteli pia. Huko hulala wageni wanaokwenda kutazama kreta. Juu ya lango ni nchi ya Wamaasai na wanyama. Ndani ya eneo hilo yako maboma yanayoitwa ya utamaduni, ambayo mgeni huingia kwa ada.

Onyesho lenyewe lina mpango usiobadilika sana. Gari linasimama. Dereva, ambaye pia ni kiongozi wa wageni, anapatana juu ya ada. Wanawake wanaimba wakitikisa mikufu ya shanga. Vijana wanaruka wima, mmoja baada ya mwingine. Mgeni anakaribishwa kuruka nao, watu wanacheka, picha zinapigwa. Kisha anaingizwa ndani ya nyumba ya fito na samadi, anaonyeshwa jiko na kitanda cha ngozi, anapelekwa kwa watoto wanaosoma herufi, na mwisho anapitishwa mbele ya shanga zinazouzwa. Katika muda usiotimia saa moja mchezo umekwisha, gari limeondoka, na linalofuata limekwisha kuonekana barabarani.

Hapana shaka huu ni mchezo wa kuigiza. Una mavazi, una mahali pa kuingilia na pa kutokea, una nyimbo, una kilele. Wachezaji wake ni hodari, maana kuirudia furaha mara tano kwa siku si kazi ya mtu mvivu. Wala wahusika wa tabaka mbalimbali hawakosekani: yuko mgeni ambaye malipo yake ya usiku mmoja hotelini yangemlisha mchezaji kwa siku nyingi, na yuko mchezaji. Lakini mgeni harudi akisema ameona tofauti ya tabaka. Anarudi akisema ameona kabila.

Sababu ni mpaka. Katika boma la utamaduni mpaka umepita kati ya jukwaa na watazamaji. Tajiri hayumo katika mchezo. Yeye ndiye jicho. Na jicho halijioni. Kila kilicho mbele yake, samadi, moshi, miguu iliyovaa viatu vya matairi, kinakuwa ni desturi, hata kile ambacho ni ufukara. Nyumba ambayo haina dirisha kwa sababu ya desturi na nyumba ambayo haina dawa kwa sababu ya kukosa fedha zinakuwa nyumba moja.

Kitu kingine kinachofichwa ni wakati. Mchezo husema kwamba watu hawa wameishi hivi tangu kale. Historia inasema vingine. Wamaasai waliondolewa Serengeti kwa mapatano ya mwaka 1958, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na hifadhi ile, ikawa eneo la watu, mifugo na wanyama pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa katika eneo lote. Mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa kiasi. Mwaka 2009 kikakatazwa tena. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na wakazi kadhaa pamoja na watetezi wao wanalikataa neno hilo. Mfugaji asiyeruhusiwa kulima, na ambaye ng'ombe wake hawamtoshi, hana budi kununua mahindi, na mahindi hayo hupanda kutoka Karatu. Gunia hilo ndilo linaloeleza kwa nini kijana anaruka mbele ya wageni. Nalo halimo katika onyesho.

Yuko tena mtu wa kati, na yeye pia hatumiki. Dereva husimama mahali pale pale aliposimama mnyapara, si kwa ukatili, bali kwa sauti mbili. Anasema na mgeni kwa Kiingereza, na wenye boma kwa Kiswahili au Kimaasai. Mara nyingi fedha hupita mkononi mwake. Mgeni akiuliza na mwenyeji akijibu, ni dereva anayechagua neno. Yeye mwenyewe ni mtu wa mshahara na bahshishi, anayemwogopa mwajiri na kumhitaji mgeni. Mwandishi wa tamthilia angempa nafasi ya kwanza. Katika boma anasimama kando akitazama saa.

Ubaya huu si wa Ngorongoro peke yake. Nchini Kenya, katika Bonde la Ufa, familia moja ya Kiingereza, akina Mayers, ilikuwa na onyesho la namna hii katika shamba lake: Wamaasai na Wasamburu walicheza ngoma katika boma, kisha wageni wakavuka kwenda kunywa chai kwenye bustani ya nyasi iliyokatwa vizuri. Wataalamu wawili wa Marekani, Edward Bruner na Barbara Kirshenblatt-Gimblett, waliandika habari zake mwaka 1994. Wacheza ngoma hawakutakiwa kuonekana na saa wala nguo za kisasa. Katika miaka ya 1980 serikali ya Kenya ililifunga onyesho hilo, kwa kuwa lilionekana kuendeleza sura ya ukoloni. Kule angalau mpaka ulikuwa umechorwa ardhini, penye ukingo wa nyasi, na mtu mwenye macho aliweza kuuona. Katika maboma ya Ngorongoro hakuna bustani ya chai. Wenyeji wenyewe ndio wenye boma, na kwa sababu hiyo mpaka umekuwa mgumu zaidi kuonekana.

Yako mawili yanayoweza kupingwa katika hukumu hii, na yote mawili yana uzito. La kwanza ni kwamba ada na shanga huleta karo ya shule na unga wa watoto, na mwenye njaa hapaswi kuambiwa kwamba kazi yake haina ukweli wa kutosha. Hilo ni kweli, na lawama haimwendei mchezaji. Anajua anachofanya, mara nyingi ndiye mtu pekee pale anayejua kwamba mchezo ni mchezo. La pili ni kwamba Wamaasai wenyewe si watu wa tabaka moja. Wako wenye makundi makubwa ya ng'ombe, na wako waliobaki na mbuzi wachache. Hilo nalo ni kweli, lakini linaizidishia nguvu hoja badala ya kuipunguza. Mwenye ng'ombe mia tatu hangoji gari la wageni kando ya njia. Mpaka wa pili, kati ya Mmaasai na Mmaasai, umefichwa na vazi jekundu lile lile linalowafanya wote waonekane ndugu sawa.

Kwa hiyo nchi hii imejaa tamthilia ambayo bado haijaandikwa. Wahusika wake wako tayari: mpagazi, mpishi wa hoteli, kibarua wa kahawa wa Oldeani, mlimaji wa vitunguu wa Mang'ola, Mhadzabe wa Eyasi ambaye naye hutembelewa na kupigwa picha akiwinda, dereva mwenye sauti mbili, mwenye ng'ombe na asiye nao, na mgeni. Kinachotakiwa ni kumtia mgeni jukwaani. Mwandishi aliyejifunza kwa Hussein angewapa sehemu za kubadilishana: wenye boma, gari likiisha kuondoka, wacheze wao kwa wao, mmoja awe mgeni, mmoja dereva, mmoja awe yeye mwenyewe kama anavyoonekana. Hapo kicheko kingekuwa kikubwa, na baada ya kicheko yangetoka yale yaliyotoka chini ya mbuyu wa Juma na Kitaru.

Wala njia haikosi mfano nyumbani. Wairaqw wana slufay, utungo ambao mzee huutamka mbele ya mkutano na mkutano ukaujibu, asiyejibu hajashiriki. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walijaribu jambo la ukoo huo kwa namna mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Malya, mkoani Mwanza: wanakijiji walicheza matatizo yao wenyewe, kisha wachezaji na watazamaji wakayajadili pamoja. Katika njia zote mbili hakuna jicho lililo nje ya mchezo.

Tamthilia haitamrudishia mtu kreta, wala haitapunguza bei ya gunia la mahindi. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo, lakini hakuna chombo kingine kinachoiweza: kumwonyesha mtu mahali aliposimama kwa kumwonyesha aliyesimama mbele yake. Siku mchezo wa namna hiyo utakapochezwa Karatu, katika ukumbi wa shule au uwanja wa soko, wenye hoteli na vibarua wao wakiwa wameketi katika safu moja, watu watajua daraja zao bila kuhubiriwa. Kwa sasa mchezo unaochezwa kila siku ni ule wa boma, na wanaoweza kuuhakiki ni wale wanaoucheza.